Padre Sacleux, mwanasarufi wa Bagamoyo aliyezisikiliza lahaja za pwani

BAGAMOYO inapotajwa, wengi hukumbuka misafara ya pembe za ndovu na watumwa, au mwili wa David Livingstone uliofikishwa misheni hapo Februari 1874. Ni wachache wanaojua kuwa mji huo ulikuwa pia mahali pa kazi pa mmoja wa wataalamu wakubwa wa sarufi ya Kiswahili, Padre Charles Sacleux.

Sacleux alizaliwa mwaka 1856 huko Enquin, kaskazini mwa Ufaransa. Alijiunga na Shirika la Roho Mtakatifu na kutua Zanzibar mwaka 1879. Kwa takriban miaka 20 alifanya kazi visiwani na Bagamoyo, ambako shirika lake lilikuwa limefungua misheni mwaka 1868 na kuwapa makazi watumwa waliokombolewa.

Kwa mtu mwenye sikio, mji huo ulikuwa darasa tosha. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka kutoka bara, wakakutana na Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Waarabu, Wahindi na Waswahili wa Mrima, kila mmoja akikitamka Kiswahili kwa namna yake.

Wamisionari waliomtangulia walijikita zaidi katika lahaja moja: Edward Steere alifuata Kiunguja, Ludwig Krapf akafuata Kimvita. Sacleux aliziweka pamoja Kimrima, Kiunguja, Kimvita, Kiamu na nyinginezo, akionesha kila neno linasemwa wapi.

Umakini wake unaonekana katika neno dogo kama paa. Katika Kimvita, paa mnyama hutamkwa kwa pumzi inayosikika baada ya p, ilhali paa la nyumba halina pumzi hiyo. Tahajia ya leo huyaandika maneno hayo mawili sawasawa; Sacleux aliitia alama tofauti hiyo.

Kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilitoka Zanzibar mwaka 1891. Mwaka 1898 alirejea Ufaransa, na mwaka 1909 akatoa sarufi ya lahaja za Kiswahili.

Moyo wa sarufi hiyo, kama ya lugha yoyote ya Kibantu, ni ngeli. Jina likishajulikana ngeli yake, sifa na kitenzi hulitii: kiti kirefu kimevunjika, viti virefu vimevunjika. Kompyuta, ambayo haina sikio wala mazoea, huhitaji kuandikiwa kanuni za namna hiyo moja baada ya nyingine. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa tangu miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, kutengeneza programu ya kuchambua maneno ya Kiswahili.

Wakati Sacleux akiendelea na kamusi yake kubwa, upepo ulikuwa umegeuka. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Mwaka 1939 ilitoka kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza. Mwaka huohuo, Paris, lilitoka juzuu la kwanza la kamusi ya Sacleux, ambamo Kimrima hakikufukuzwa. Mwandishi alikuwa amekaribia au kutimiza miaka 83.

Juzuu mbili hizo zina kurasa zaidi ya 1,000. Humo mna majina ya mimea pamoja na majina yake ya kisayansi, kwa kuwa padre huyo alikuwa pia mtaalamu wa mimea. Mfaransa mwenzake, Henri Baillon, aliipa jenasi moja ya mimea ya Afrika Mashariki jina la Sacleuxia.

Ila hazina hiyo ilifafanuliwa kwa Kifaransa. Mkazi wa Bagamoyo au Saadani anayetaka kujua babu zake walivyosema hana budi kwanza kujifunza lugha ya Paris.

Juzuu la pili lilitoka mwaka 1941. Sacleux alifariki Mei 1943 mjini Grasse, kusini mwa Ufaransa.