Milango Miwili ya Gus Grissom

Ukisimama ufuoni Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, utaiona ile mitambo ya chuma iliyosimama baharini, ambako Waitaliano walikuwa wakirushia roketi. Setilaiti ya kwanza kutoka pale, San Marco 2, iliondoka Aprili 26, 1967, juu ya roketi ya Kimarekani. Miezi mitatu kabla ya siku hiyo, Wamarekani wenyewe walikuwa wamezika watu watatu waliofia ndani ya chombo cha anga ambacho hakikuwa hata kimenyanyuka ardhini. Kiongozi wao alikuwa Virgil Grissom, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Gus. Ndugu msomaji, nataka tumzungumze yeye leo, kwa sababu huyu ni mtu aliyebebeshwa lawama ya kuzamisha chombo, na sisi watu wa bahari tunajua lawama hiyo ilivyo nzito.

Alizaliwa Aprili 3, 1926, katika mji mdogo wa Mitchell, jimbo la Indiana. Baba yake alifanya kazi ya reli. Kijana alikuwa mfupi, hata timu ya mpira wa kikapu shuleni haikumtaka. Alioa mwaka 1945, na vita vilipokwisha akapata kibarua katika kiwanda cha mabasi ya shule. Kazi yake? Kufunga milango. Baadaye akasomea uhandisi Chuo Kikuu cha Purdue, jioni akikaanga nyama katika mkahawa huku mkewe, Betty, akifanya kazi ya simu ili karo ipatikane. Alihitimu 1950, akaingia jeshi la anga, akaruka mara 100 katika vita vya Korea, kisha akawa rubani wa majaribio.

Mwaka 1959 Wamarekani walitafuta watu wa kupeleka angani. Marubani 110 walitimiza masharti, wakachaguliwa saba tu. Madaktari waliwapima vibaya sana: miguu ndani ya maji ya barafu, saa mbili katika chumba chenye joto la nyuzi 54, kufungiwa gizani bila sauti yoyote. Grissom alikaribia kuachwa kwa sababu ya mzio wa chavua ya maua. Akawajibu madaktari kwamba huko anakokwenda hakuna maua. Wakampitisha.

Kisha yakaja mafunzo. Kulikuwa na mashine Johnsville, Pennsylvania, yenye mkono mrefu uliomzungusha mtu mpaka akahisi mwili wake umekuwa mzito zaidi ya mara kumi. Nyingine, huko Cleveland, ilimpindua pande tatu kwa wakati mmoja, naye atakiwe kuituliza kwa usukani wa mkononi. Walifundishwa kuishi jangwani, na walifundishwa kutoka katika chombo kikielea majini. Katika mazoezi hayo ya majini mavazi yao yaliwaelea vizuri, na kila mtu akaamini kwamba mwanaanga akishaingia baharini hana shida.

Julai 21, 1961, Grissom aliruka katika Liberty Bell 7. Safari ilichukua dakika 15 tu, juu na kurudi, akatua Atlantiki salama. Mlango wa chombo ulikuwa wa aina mpya, unaofunguka kwa baruti ndogo. Akiwa amelala akisubiri helikopta imnyanyue, baruti zikalipuka, mlango ukaruka, bahari ikaingia. Akajitupa nje.

Helikopta ya kwanza ilihangaika na chombo badala ya mtu, kwa imani ile ya mazoezini. Lakini tundu la hewa katika vazi lake lilikuwa wazi, maji yakaingia, na mfukoni alikuwa na mafungu ya sarafu za kuwapa watu kama kumbukumbu. Akawa anazama huku akipunga mkono. Helikopta ya pili ilimtoa akiwa hoi. Chombo, kilichojaa maji na kuielemea injini ya ile ya kwanza, kikaachiwa. Kilishuka karibu mita 4,900.

Minong'ono ikaanza kwamba aliogopa akabonyeza kitufe. Yeye alikana mpaka mwisho. Uchunguzi haukumtia hatiani, na mwaka uliofuata mwenzake Wally Schirra alipofungua mlango kama ule kwa mkono wake mwenyewe baada ya kutua, kitufe kilimwachia jeraha mkononi. Mkono wa Grissom haukuwa na hata mchubuko. Mimi hapo naridhika. Lakini minong'ono haisomi ripoti, na hata filamu ya 1983 iliyohusu wale saba ilimwonyesha kama mtu aliyepagawa.

Machi 23, 1965 alirudi angani na John Young katika Gemini 3, mwanaanga wa kwanza wa NASA kwenda mara mbili. Safari ilikwenda vyema.

Baada ya hapo akapewa Apollo ya kwanza, na humo ndimo hadithi inapouma. Mhandisi hawezi kudanganywa na mashine mbovu. Waya zilikuwa hovyo, marekebisho hayaishi, simu za ndani hazisikiki. Januari 1967 alichuma limau nyumbani kwake akaenda kulitundika kwenye chombo cha mazoezi, na Wamarekani kitu kibovu hukiita limau.

Mlango safari hii ulifunguka kwa ndani, na ulihitaji angalau sekunde 90. Wajenzi walikuwa wamependekeza mlango wa kulipuka, wakuu wakakataa, na mojawapo ya sababu ilikuwa hofu ya kurudia yaliyotokea Atlantiki. Jioni ya Januari 27, katika jaribio la kawaida tu, chumba kikiwa kimejazwa oksijeni tupu, cheche ikawasha moto. Shinikizo la ndani likaubana mlango mahali pake. Grissom, Ed White na Roger Chaffee walikufa kwa moshi kabla mafundi wa nje hawajaweza kufungua.

Baada yao mlango ulibadilishwa, ukafunguka kwa nje kwa sekunde chache. Hewa ya chumba ikachanganywa na naitrojeni chombo kikiwa chini, na vitu vinavyoshika moto vikaondolewa. Betty aliishtaki kampuni iliyojenga chombo, akalipwa dola 350,000 mwaka 1972 bila kesi kufika mwisho.

Liberty Bell 7 iliibuliwa kutoka baharini Julai 1999. Sarafu kadhaa zilikutwa ndani. Wapo wanaodhani umeme tuli wa helikopta ndio uliowasha zile baruti. Mlango wenyewe haujapatikana hadi leo.