Sinan bin Thabit, tabibu aliyewatahini matabibu wa Baghdad

Kila ugomvi unapozuka hapa Kenya baina ya madaktari, maafisa wa kliniki, wauguzi na wafamasia kuhusu nani ana ruhusa ya kumwandikia mgonjwa dawa gani, hawakosi watu wa kusema kwamba mambo ya leseni yaliletwa na Mzungu, yeye na mihuri yake. Hapo mimi humkumbuka Sinan bin Thabit. Huyu hakuwa Mzungu, na alifariki Baghdad mwaka 943, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwa wanaosoma tarehe ya tiba jina lake si geni, ila wengi humjua kwa kisa kimoja tu cha kuchekesha. Kisa hicho tutakifikia, lakini kwanza tumjue mwenyewe.

Alizaliwa katika nyumba ya elimu. Babake, Thabit bin Qurra, alikuwa mtu wa Harran, mji ambao leo uko Uturuki karibu na mpaka wa Syria. Inasimuliwa kuwa alikuwa akibadilisha fedha sokoni hadi alipoonwa na mmoja wa wale ndugu watatu wanaoitwa wana wa Musa, mabingwa wa hesabu, akapendezwa na jinsi anavyozimudu lugha, akamchukua Baghdad. Huko akawa mfasiri wa vitabu vya Kiyunani, mwanahesabu, mnajimu na tabibu. Alifariki mwaka 901. Ukoo wao haukuwa wa Kiislamu. Walikuwa Wasabii wa Harran, watu wenye dini yao ya kale iliyozitukuza nyota. Hata hivyo milango ya khalifa ilikuwa wazi kwao, kwa sababu ya walichokijua.

Sinan alirithi tiba ya babake na akaingia katika kasri la Khalifa al-Muqtadir, aliyetawazwa mwaka 908 akiwa kijana wa miaka kumi na mitatu. Zama hizo hazina ilikuwa ikivuja, mawaziri wakipanda na kushuka kama maji kupwa na kujaa. Mmoja wao, Ali bin Isa, alikuwa mtu wa heri, na yeye na Sinan ndio waliofanya kazi ninayoipenda kuliko zote katika maisha ya tabibu huyu.

Katika mwaka mmoja wa maradhi mengi waziri alimwandikia Sinan kuhusu wafungwa. Alimweleza kwamba watu waliorundikwa pamoja mahali pagumu hawakosi kuugua, na wao hawawezi kutoka kwenda kumtafuta tabibu. Basi Sinan atenge matabibu wa kuingia magerezani kila siku, na dawa zao na vinywaji vyao, na wagonjwa wapikiwe chakula kinachowafaa. Mwenye jamaa gerezani atajua uzito wa jambo hili. Kisha ikaja barua ya pili, ya mashamba. Waziri alikuwa amefikiria vijiji vya Sawad, nchi ya chini ya Iraq, kwamba huko wamo wagonjwa na hakuna tabibu wa kuwaangalia. Sinan akapeleka matabibu na sanduku la dawa, wakizunguka, wakikaa kila mahali kwa kadiri ya haja.

Walipofika Sura wakakuta wakazi wengi ni Mayahudi. Sinan akaandika kuuliza afanyeje, akakumbusha kuwa katika hospitali ya mjini Waislamu na wasio Waislamu wote hutibiwa. Waziri akajibu kwamba wote watibiwe, na hata mifugo itibiwe, ila waanze na binadamu kabla ya wanyama, na Waislamu kabla ya wengine. Mpangilio huo sikio la leo linaweza kuukataa, na haki yake. Mimi naona jambo jingine pia: aliyekuwa akiulizia Mayahudi wa kijijini alikuwa Msabii, na hakuna aliyefukuzwa.

Mwaka 918 Sinan alifungua hospitali ya mamake khalifa, bibi aliyeitwa al-Sayyida, katika mtaa wa Suq Yahya. Matumizi yake yalikuwa dinari 600 kwa mwezi. Alimshauri khalifa naye awe na yake, ikajengwa karibu na Bab al-Sham, ikatengewa dinari 200 kwa mwezi kutoka mali ya khalifa mwenyewe. Ndiyo, mama alimshinda mwana mara tatu.

Sasa tuje mwaka 931, mwaka 319 wa Hijria. Habari zilimfikia al-Muqtadir kwamba mtu mmoja wa kawaida Baghdad amekufa kwa kosa la tabibu. Mtu mmoja. Khalifa akamwamuru muhtasib awazuie matabibu wote kufanya kazi, isipokuwa yule ambaye Sinan amemtahini na kumwandikia hati. Muhtasib ndiye aliyekuwa mkaguzi wa soko, anayeangalia mizani, mkate, maziwa yasitiwe maji. Kwa hivyo elimu ya kutahini ilikuwa kwa tabibu, na nguvu ya kufunga duka ilikuwa kwa mtu wa soko. Naona hapo walikuwa na akili, kwani hati bila mkaguzi ni karatasi ya kufungia njugu. Hapa kwetu nasikia maduka mengine hupata habari ya ukaguzi kabla mkaguzi hajashuka garini.

Matabibu wa pande zote mbili za mto Tigris wakaja mbele ya Sinan. Walifika zaidi ya 860. Na hati alizotoa hazikuwa za ndiyo au la. Kila mmoja aliandikiwa kile anachofaa kukifanya, na kwa hayo amewekewa mpaka wa yale asiyoruhusiwa kuyagusa. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa zaidi katika habari yote hii. Hatari ya tabibu haiko katika ujinga peke yake, maana kila tabibu ana jambo asilolijua. Hatari iko pale anapovuka kutoka anachokijua kwenda asichokijua, na mgonjwa hana njia ya kuona kwamba sasa amevuka.

Ndipo kisa cha mzee. Siku moja aliingia shekhe mmoja aliyevaa vizuri, mwenye haiba na utulivu. Sinan akamheshimu, akamkalisha karibu, na kila lilipopita jambo akimgeukia. Watu walipomalizika akamwambia kwa adabu kwamba angependa kusikia kutoka kwake neno la kuhifadhi, na amtaje mwalimu wake katika tiba. Mzee akatoa katika mkono wa kanzu karatasi iliyofungwa dinari nzuri, akaiweka mbele ya Sinan. Akakiri kuwa hajui kusoma wala kuandika hata kidogo. Lakini ana watoto na wake wa kulisha, na riziki yao inatoka katika kazi hii, basi anamuomba asimkatie. Sinan akacheka. Akamruhusu kwa sharti kwamba asimvamie mgonjwa kwa jambo asilolijua, wala asiagize kutoa damu mshipani au kunywa haluli ila kwa maradhi mepesi. Mzee akasema hiyo ndiyo njia yake tangu zamani, hajawahi kuvuka siki kwa asali na maji ya waridi kwa sukari.

Kesho yake akaingia kijana mzuri wa sura, nadhifu, mwerevu. Sinan akamuuliza amesoma kwa nani. Kwa babake. Na babake ni nani? Ni yule shekhe wa jana. Sinan akamsifu mzee, akamuuliza kama na yeye yuko juu ya njia ile ile. Kijana akakubali. Basi akaambiwa asiivuke, aende kwa amani.

Watu hukisimulia kisa hiki wakacheka, wengine wakakitumia kuonyesha kwamba mtihani wote ulikuwa mchezo. Mimi sikubaliani nao kuhusu mzee. Siki kwa asali haimuui mtu, wala maji ya waridi. Laiti Sinan angemfungia, maskini wa mtaani kwake wangekwenda kwa mwingine mwenye ujasiri zaidi na kisu mkononi. Mzee alijua mpaka wake, akausema mwenyewe mbele ya mkubwa wa matabibu, na hilo ni zaidi ya wanavyofanya wasomi wengi. Dinari zile sizisemei. Msimulizi anaziacha pale pale mbele ya Sinan, nami sitamzulia maiti.

Kuhusu kijana nina neno. Yeye hakuwa mzee wa kuonewa huruma. Alikuwa na umri wa kusoma, akili alikuwa nayo, na Baghdad ilikuwa na hospitali ambazo Sinan mwenyewe alizisimamia. Angemwambia akakae humo miaka miwili, kisha arudi. Badala yake ujinga wa baba ukapata mrithi mwenye hati, na hati ya mrithi ni hatari kuliko ya babake, kwa sababu kijana mwerevu hatosheki na siki kwa asali. Ipo siku atajaribu.

Nasema hivi kwa sababu mwaka juzi shangazi yangu, mwenye vidonda vya tumbo vya miaka mingi, aliingia duka moja la dawa kwa maumivu ya goti. Akapewa vidonge vya diklofenaki na kijana aliyeachiwa duka. Hakuulizwa lolote kuhusu tumbo. Siku ya nne alitapika damu, tukambeba usiku hadi hospitali, akaongezwa damu chupa mbili. Alhamdulillahi yuko hai. Hati ilikuwa imetundikwa ukutani dukani, ndani ya fremu, ina muhuri, kila kitu kiko sawa, ila jina lililoandikwa halikuwa la yule kijana. Kenya ina baraza la madaktari, baraza la maafisa wa kliniki, baraza la wauguzi na bodi ya famasia na sumu, kila moja na sheria yake. Mtu wa kaunta haonekani katika hata moja ya daftari hizo, na ndiye aliyemwandikia shangazi yangu dawa.

Kuna jambo jingine la mwaka ule ambalo wasimuliaji hulipitia mbio. Waliotahiniwa hawakuwa wote. Waliachwa wale waliokuwa na sifa ya ubingwa tayari, na wale waliomtumikia sultani. Kwa mabingwa naweza kuelewa. Ila tabibu wa kasri hakuulizwa kitu kwa kuwa ni wa kasri, na Baghdad haikuwa ya mwisho kuwa na desturi hiyo.

Al-Muqtadir aliuawa mwaka uliofuata, 932, katika vita na jemadari wake mwenyewe. Nduguye al-Qahir akashika nafasi, mtu mkali, akambana Sinan asilimu. Sinan akasilimu, kisha kwa kumhofu khalifa huyo akakimbilia Khurasan. Al-Qahir aliondolewa mwaka 934 na kupofuliwa macho, na Sinan akarudi Baghdad, akamtumikia Khalifa al-Radi. Al-Radi alipofariki mwaka 940, akaitwa Wasit na Bajkam, jemadari wa Kituruki ambaye ndiye aliyekuwa na nguvu hasa. Bajkam hakumtaka kwa mwili peke yake. Alimtaka amtibu tabia, maana hasira zilikuwa zikimshinda, akaua na kupiga kisha akajuta. Sinan akamwagiza dawa ya bei rahisi: akikasirika asitoe hukumu siku hiyo, alale nayo, kwani aliye na mamlaka hapotezi kitu kwa kungoja hadi asubuhi. Inasimuliwa ilimfaa. Katika njaa ya Wasit Bajkam alifungua nyumba ya kulisha watu, na Baghdad akaanza kujenga hospitali.

Sinan alifariki mwezi wa Dhulqaada mwaka 331 wa Hijria, ambao ni 943. Kufikia hapo ule utaratibu wa khalifa kutahini mji mzima ulikuwa umebaki habari, kwa kuwa makhalifa wenyewe walikuwa wamebaki majina. Lakini wazo halikufa. Katika karne ya 12, huko Sham, al-Shayzari aliandika kitabu cha kuwaongoza wakaguzi wa soko, na humo matabibu wana mlango wao. Tabibu wa macho atahiniwe kwa kitabu cha Hunayn bin Ishaq kuhusu jicho. Na tabibu yeyote anapomwangalia mgonjwa aandike alichokiona na alichokiagiza, nakala waachiwe jamaa mbele ya mashahidi. Mgonjwa akifa, jamaa wazipeleke nakala kwa tabibu mkuu, azisome, aseme kama mwenzake alikosea. Ikionekana amekosea, diya ni juu yake.

Sinan aliacha wana wawili mashuhuri. Ibrahim alikuwa mwanahesabu mkubwa, akafariki kijana, miaka mitatu tu baada ya babake. Thabit, aliyepewa jina la babu, alikuwa tabibu na mwandishi wa tarehe. Ni katika maandishi yake ndimo zilimotoka habari za barua za waziri, za hospitali na dinari zake, na za mtu yule mmoja aliyekufa kwa kosa la tabibu.