Makula ya jicho: Funzo kutoka kwa mchoraji Georgia O'Keeffe

Mpenzi msomaji, funika jicho moja kwa kiganja, kisha soma sentensi hii kwa jicho lililobaki. Herufi unazoziona waziwazi unaziona kwa sehemu ndogo iliyo katikati ya retina, nyuma ya jicho, yenye upana wa takribani milimita 5. Inaitwa makula. Ndiyo inayokuwezesha kusoma, kupitisha uzi kwenye tundu la sindano na kutambua sura ya mtu. Retina iliyobaki hukuonyesha mambo ya pembeni, tena bila undani.

Georgia O'Keeffe, mchoraji wa Marekani, aliyategemea macho kupata riziki yake. Alizaliwa Novemba 15, 1887 katika jimbo la Wisconsin. Alipata sifa kwa kuchora ua moja likajaza turubai nzima, ili hata mtu mwenye haraka asimame alitazame. Mwaka 1949 alihamia moja kwa moja New Mexico, jimbo la jangwa ambalo tayari alikuwa amelichora kwa miaka mingi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa ameshapita umri wa miaka 80, makula zake zilianza kuchakaa. Alichokitazama usoni kilififia, vya pembeni vikabaki. Picha yake ya mwisho ya rangi za mafuta aliyoichora bila msaada ni ya mwaka 1972.

Hakukata tamaa. Mwaka 1973 kijana mfinyanzi, Juan Hamilton, alifika kwake kutafuta kazi, akamhimiza kufinyanga udongo, kazi ambayo vidole husaidia macho. Aliendelea pia kuchora kwa rangi za maji na mkaa, nyingine kwa kusaidiwa. Alifariki Machi 6, 1986, akiwa na miaka 98.

Ugonjwa huu hauumi wala hauleti wekundu, na jicho zima huficha ubovu wa mwenzake. Ndiyo maana nimekuomba ufunike moja. Ukiona fremu ya mlango imepinda, au doa katikati ya maandishi, usikimbilie kununua miwani mtaani wala usidhani ni uzee tu. Muone daktari wa macho haraka. Aina inayovujisha maji au damu ndani ya retina siku hizi hudhibitiwa kwa sindano za jichoni, lakini sehemu iliyokwisha kufa hairudi. Na kama unavuta sigara, acha, kwani huongeza hatari.

Tukutane wiki ijayo.