Imam Ghazali: Aliyeanza kwa kujihoji mwenyewe

Kitabu cha Ihya Ulumiddin si kigeni kwenye darsa za misikiti yetu ya pwani. Lakini wengi wetu twakijua kitabu kuliko tunavyomjua aliyekiandika.

Imam Abu Hamid Al-Ghazali alizaliwa Tus, katika Iran ya leo, mwaka 1058. Alisoma Nishapur kwa Imam Al-Juwayni, na mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk akampa kiti cha ualimu katika madrasa ya Nizamiyya, Baghdad. Alisomesha wanafunzi 300.

Tangu ujana alisumbuliwa na jambo moja. Aliona watoto wa Kikristo wakikua Wakristo, wa Kiyahudi wakikua Mayahudi, wa Kiislamu wakikua Waislamu. Akajiuliza: katika ninayoyashika, ni lipi nilijualo kwa yakini, na lipi nimelipokea tu kwa wazee? Akapima hata macho yake. Kivuli huonekana kimesimama, kumbe chasogea. Nyota yaonekana ndogo kama dinari, ilhali hesabu yasema ni kubwa kushinda dunia. Shaka hiyo ilimkaa karibu miezi miwili, hadi Mwenyezi Mungu alipomtia nuru moyoni.

Alipowakabili wanafalsafa hakukimbilia kuwajibu. Alitunga kitabu kizima cha kueleza rai zao tu, hata wasomaji wa Ulaya baadaye wakadhani ni mwenzao. Kisha, katika Tahafut al-Falasifa, akagusa msingi ambao wao hawakuuhoji. Pamba ikikutana na moto huungua, hilo hakulikataa. Aliuliza ni dalili gani ithibitishayo kuwa ni lazima iwe hivyo, zaidi ya mazoea ya kuviona viwili hivyo pamoja.

Watu wa upande wake pia hakuwaachilia. Aliyepinga hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi akidhani anaitetea dini, Imam alimwambia kuwa anaidhuru.

Mwaka 1095 akafika kwenye dhana ngumu kuliko zote: kwamba yeye asomesha kwa ajili ya Mungu. Alipoipima akaona anatafuta cheo na sifa. Ulimi ukamfunga, hata kusomesha akashindwa. Akaacha kila kitu, akaenda Sham, Baitul Maqdis na Makka. Alifariki Tus mwaka 1111. Baadaye Ibn Rushd naye alimjibu na kuhoji misingi yake, na ndivyo elimu inavyokwenda.

Kila mwaka hapa kwetu twagombana juu ya mwezi, hata nyumba moja ikasali Idi siku mbili. Mmoja ameshachukulia kuwa kila nchi ina mwandamo wake, mwengine kuwa ukionekana popote watosha. Twatupiana dalili usiku kucha, na msingi haugusi mtu. Tungeanza kwa kuulizana hapo, huenda tusingekubaliana, lakini ndugu asingemwita nduguye mpotofu.