James Chuma na Mifupa ya Yusufu

Soma Mwanzo 50:15–26. Ni akina nani walioapishwa kuichukua mifupa ya Yusufu, nao walikuwa wamemtendea nini zamani?

Mwezi Mei 1879 msafara uliondoka Dar es Salaam, katika bandari ile ile ambapo leo watu wa Kivukoni hungoja feri ya Kigamboni. Viongozi wake walikuwa Keith Johnston na Joseph Thomson, Waskoti wawili waliokusudia kufika ziwa Nyasa na Tanganyika. Lakini aliyewasimamia wapagazi, zaidi ya mia moja, alikuwa Myao aitwaye James Chuma, ambaye habari zake zilikwisha kufika London.

Chuma alikuwa mtumwa. Mwaka 1861, akiwa mtoto, alifunguliwa pamoja na wenzake katika bonde la mto Shire, nchi ya Malawi ya leo, David Livingstone na wamisionari walipokutana na msafara wa watumwa. Alisoma katika shule ya misheni huko Bombay na kubatizwa, kisha mwaka 1866 akarudi Afrika pamoja na Livingstone. Mwenzake Wekatani, aliyefunguliwa naye, aliwakuta jamaa zake njiani akabaki. Chuma aliendelea.

Hata hivyo hakuwa mwaminifu siku zote, na jambo hili husahaulika anapotajwa. Mwaka 1868, karibu na ziwa Mweru, Livingstone alitaka kwenda ziwa Bangweulu. Chuma, Susi na wengine walikuwa wamechoka. Wakakataa, wakamwacha aende na watu wachache tu. Mzee yule angeweza kuwafukuza kabisa. Lakini alikiri kwamba hata yeye alikuwa na makosa yake, na kabla mwaka haujaisha akawapokea tena.

Wale waliopokewa tena ndio waliokuwa naye alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakautia mwili chumvi, wakaukausha juani na kuufunga kwa nguo na gome la mti. Kisha wakaubeba kuelekea pwani, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Wengine walifia njiani. Karibu na Tabora ofisa Mwingereza, Cameron, aliwashauri wamzike hapo hapo, wakakataa. Wenyeji wa mbele walipoizuia maiti isipite, waliifunga kama robota la nguo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Huko walilipwa ujira wao, wakaachwa. Jacob Wainwright tu ndiye aliyesafiri na mwili. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye, kwa gharama ya rafiki wa marehemu, mazishi yakiwa yamekwisha kupita.

Ndugu za Yusufu walimwuza, naye akawasamehe, ndipo akawaapisha. Kiapo hakikutangulia msamaha. Mifupa yenyewe haikuwa na uwezo wowote, maana Yusufu alilala kama wafu wote walalavyo hadi ufufuo. Kilichobebwa kutoka Misri ni ahadi ya Mungu kwamba atawarudisha watu wake, na waliokabidhiwa kwanza ni wale waliokuwa wameuvunja udugu.

Soma Yeremia 31:31–34. Mungu anafanya agano jipya na watu wa namna gani? Msamaha unatajwa wapi katika agano hilo?

Katika safari ile ya mwaka 1879 Johnston alifariki Behobeho kabla ya miezi miwili kwisha. Kwa mara nyingine Chuma akawa penye kaburi la kiongozi wake, akiwa amebaki na Thomson, kijana wa miaka 21. Hawakurudi nyuma. Walifika maziwa yote mawili, na mwaka 1880 Chuma akaurudisha msafara pwani. Alifariki Unguja mwaka 1882, kwa kifua kikuu, mbali na kwao alikotolewa utotoni.