Mtakatifu Katarina na Mtaa Wake

Mji wa Siena, katika nchi ya Italia, umejengwa juu ya vilima vitatu, nao hata leo umegawanyika katika mitaa 17, kila mtaa na bendera yake na kanisa lake. Katika karne ya 14 mji huo ulijaa fitina, jamaa kwa jamaa wakilipizana kisasi.

Humo, bondeni Fontebranda, alizaliwa Mtakatifu Katarina mwaka 1347. Baba yake, Jacopo Benincasa, alikuwa mtia rangi nguo. Watu wa kazi hiyo, pamoja na watengeneza ngozi, walikaa karibu na chemchemi kubwa ya mahali pale, maana kazi yao haiendi bila maji. Mwaka uliofuata tauni iliingia mjini, ikaua watu wengi mno. Kazi ya kulipanua Kanisa Kuu ikakoma, na ukuta wake usiokwisha ungali umesimama.

Juu ya bonde hilo lipo kanisa la Mtakatifu Dominiko. Huko Katarina alisali, akavikwa vazi la Utawa wa Tatu, lakini hakuingia nyumba ya watawa. Kwa miaka kama mitatu alikaa chumbani mwake, nyumbani kwa wazazi, akisali; kisha akatoka kuwatumikia jirani. Katika hospitali ya Santa Maria della Scala, iliyoelekeana na Kanisa Kuu, aliwauguza wagonjwa waliokimbiwa na wengine, na tauni iliporudi mwaka 1374 hakuwaacha. Aliwapatanisha maadui. Tena alimsindikiza kijana aliyehukumiwa kukatwa kichwa, asife peke yake.

Yatupasa kuuangalia utaratibu huo. Katarina alikuwa amekwisha kuwatumikia maskini wa mji wake alipokwenda Avignon, mwaka 1376, kumsihi Papa Gregori XI arudi Roma. Hakuwa na cheo wala elimu ya shule. Papa aliingia Roma mwezi wa Januari 1377. Hata hivyo, mwaka 1378 farakano kubwa lilizuka katika Kanisa, naye Katarina alifariki Roma tarehe 29 Aprili 1380, mwenye umri wa miaka 33, asiuone mwisho wake.

Papa Pius II, mwenyewe mtu wa nchi ya Siena, alimtangaza Mtakatifu mwaka 1461. Papa Paulo VI akamtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970. Fontebranda sasa ni mtaa wa Bata Bukini, na kanisa la mtaa huo lina jina la binti wa mtia rangi.

Wako kati yetu wanaotaka kulitengeneza taifa na Kanisa zima, nao hawalijui jina la mgonjwa wa nyumba ya pili. Basi, Jumapili hii, baada ya Misa, na tuulize ni nani mtaani petu aliye kitandani, tena twende kumwona.