William Jones: Aliuzwa Akiwa Mtoto, Akafungulia Watoro Mlango Pale Rabai

Kama umewahi kudandia mat kutoka Mariakani kwenda Mombasa, Mazeras unaijua. Makanga anaita wa Rabai washuke, wawili watatu wanashuka, wewe unaendelea na simu yako. Lakini ukikata ile kona na kuingia ndani kidogo, utafika mahali ambapo mwaka 1888 palikuwa karibu kuwaka moto. Ngori yenyewe ilikuwa juu ya mamia ya watu waliohepa utumwa na kukataa kurudi. Na msee aliyekuwa amewapokea hakuwa Mzungu.

Krapf unamjua, hata kama ni wa mtihani tu. Alifika Mombasa 1844, akazika mke wake mwaka huo huo, halafu 1846 yeye na Rebmann wakaanza misheni Rabai baada ya wazee wa Kirabai kuwakubalia kukaa. Makumbusho ya pale yana jina lake. Stori ya leo si yake. Ni ya Mchungaji William Henry Jones, jina ambalo wanaosoma historia ya kanisa Kenya wanalijua vizuri, lakini ukiuliza mtaani utaangaliwa tu.

Usidanganywe na jina. Jones alikuwa Myao, watu wa kule kati ya Malawi, Msumbiji na kusini mwa Tanzania. Alizaliwa kama 1840 hivi, na akiwa bado mtoto akakamatwa na kuuzwa. Waliomnunua walimtia chomboni, na huko baharini manowari ya Waingereza ikawanasa. Wale watoto waliokolewa, lakini hakuna aliyewarudisha kwao. Walipelekwa India, Bombay, na wengi wao wakaishia Sharanpur karibu na Nasik, kituo cha misheni kilichofundisha Waafrika waliokombolewa kusoma, dini na kazi za mikono. Hilo jina la Kiingereza alilipata kwenye hayo maisha mapya. Jiweke hapo kidogo: unakua kwenye nchi si yako, unaitwa jina si lako, na hujui mathee wako yuko wapi.

Mwaka 1864 Jones alirudi Afrika, lakini si kwao. Yeye na wenzake kama Ishmael Semler na George David walitumwa Mombasa kumsaidia Rebmann. Watu wakawabandika jina Waafrika wa Bombay. Walikuwa weusi kama wenyeji, ila walivaa tofauti, wakabonga Kiingereza na Kihindi. Wenyeji waliwaona kama wageni, na Wazungu nao waliwahesabu wasaidizi tu.

KIJIJI CHA WATU WASIOJUANA

Sasa angalia Rabai ilivyokuwa miaka ya 1880, Jones alipokuwa akiisimamia misheni. Kulikuwa na Warabai wenyewe, wenye ardhi na kaya yao. Kulikuwa na hao wa kutoka Bombay. Kulikuwa na watumwa waliokombolewa baharini, Wayao, Wamakua na Wanyasa, waliofika kupitia Frere Town, kile kituo cha Kisauni kilichoanzishwa 1875. Juu ya hao wote walikuja watoro.

Leo ukiitwa mtoro ni umekosa shule. Enzi hizo mtoro alikuwa mtumwa aliyehepa shamba la bwana wake usiku, akipita msituni akitafuta pa kujificha. Pwani hii yote ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar na utumwa ulikuwa halali. Ukimficha mtoro, kwa macho ya sheria umeiba mali ya mtu.

Na watu waliuawa juu ya hiyo kitu. Huku huku kwetu Kilifi kulikuwa na Fuladoyo, kijiji cha Wagiriama Wakristo na watoro walioamua kuishi pamoja. Kiongozi wao, David Koi, aliuawa 1883 na watu wake wakatawanyika. Jones alijua vizuri mtu akipokea mtoro anaweza kulipa na nini.

Mabuda wa misheni waliijua hiyo noma pia. Sera yao ilikuwa watoro wasipokelewe, ili amani na wenye mashamba idumu. Kwenye karatasi ilikaa poa. Lakini mtoro alipofika Rabai hakukuta karatasi, alikuta mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuuzwa. Mwaka baada ya mwaka watoro wakaingia, wakajenga, wakalima, wakaoa, wakakaa kanisani bega kwa bega na wengine.

SAFARI YA BUSOGA

Katikati ya hayo kuna safari moja lazima uijue. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa Jones na Semler ushemasi, na hapo Waafrika wakaanza kuingia kwenye daraja la wachungaji wa Kianglikana huku Pwani. Miezi michache baadaye Hannington akaondoka Rabai na msafara wa wapagazi kama 200 kuelekea Uganda, Jones akiwa naye.

Walipofika Kwa Sundu, upande wa Mumias ya leo, askofu akachagua watu kama 50 akatangulia. Jones akaachwa na waliobaki. Tarehe 29 Oktoba 1885 Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na wengi wa wale aliokwenda nao wakauawa pia. Habari zikamfikia Jones: mbele kifo, nyuma mwendo wa miezi, na zaidi ya watu 100 wakimtegemea yeye.

Hakwenda mbele kutafuta kulipiza. Aliwageuza watu wake akawarudisha nyumbani kwa miguu. Februari 1886 waliingia Rabai wakiwa wamechoka kabisa, na bendera ya buluu mbele yenye neno moja, Ikabodi. Kwenye Biblia ni jina la mtoto aliyezaliwa siku ya msiba, maana yake utukufu umeondoka. Kati ya wote waliokuwa wakiwangoja, wako waliopata wao na wako waliokosa.

1888: MLIPUKO UNAKARIBIA

Miaka miwili baadaye doo na siasa vikaingia. Waingereza walikuwa wameunda kampuni, Imperial British East Africa Company, iliyopewa Pwani kuisimamia. George Mackenzie alifika Mombasa kuiongoza mwishoni mwa 1888 na kukuta Waarabu na Waswahili wenye mashamba wamechemka. Walisema misheni zimejaa watumwa wao, na wako tayari kuwafuata kwa silaha.

Wamishonari walikuwa wamezoea kukana. Mzee William Salter Price, aliyewahi kuongoza kile kituo cha Nasik, ndiye alikuwa Frere Town wakati huo. Ikabidi Rabai ichunguzwe. Watu wakahesabiwa, na ukweli ukatoka: mamia walikuwa watoro. Ukijumlisha na misheni za Wamethodisti jirani, walizidi 1,400. Lawama nyingi zikamwangukia Jones, aliyevunja sera.

Njia zilikuwa tatu. Kuwarudisha, na amani ipatikane kwa kutupa watu 1,400 utumwani. Kukataa na kupigana, damu imwagike Mazeras hadi Mombasa. Au kulipa. Mackenzie akachagua kulipa: takriban dola 25 za enzi hizo kwa kila mtoro, pesa zikitoka kwa kampuni, serikali ya Uingereza, misheni na wafadhili. Wenye mashamba, Waislamu kwa wingi wao, walikaa mezani na wakakubali. Hiyo nayo iandikwe, kwa sababu kuna watu wanapenda kuisimulia stori hii kama vita vya dini. Haikuwa. Ilikuwa stori ya binadamu kuhesabiwa kama mali, na hata Wakristo wa Ulaya walikuwa wameufanya mchezo huo huo karne kadhaa kuvuka Atlantiki.

Januari 1, 1889, pale Rabai, watoro waligawiwa hati za uhuru. Pwani nzima ingengoja hadi 1907 kabla ya sheria kuacha kuutambua utumwa. Wa Rabai waliwatangulia kwa miaka 18.

Hapo usipake rangi sana. Aliyelipwa ni bwana. Mtumwa aliyefanya kazi ya bure miaka yote hakuona hata senti. Kampuni nayo ilikuwa inanunua utulivu ili ifanye biashara yake. Lakini bila Jones kukubali kuingia lawamani, kusingekuwa na mtu wa kulipiwa pale. Wangekuwa wamesharudishwa mmoja mmoja kimyakimya, na kila mtu angesema Pwani iko na amani.

Na Jones hakuwa mpole wa kukubali kila kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1890 aligongana na wamishonari Wazungu kuhusu jinsi walivyowatendea wafanyakazi Waafrika wa kanisa, hadi akaacha kazi. Kwake umoja haukumaanisha mnyonge anyamaze ili wakubwa wasikasirike.

SASA WEWE

Tangu Shakahola 2023, ukitaja imani huku Kilifi watu wanakunja uso, na si makosa yao. Ile ilikuwa imani ya kufungia watu porini wafe. Jones ni imani hiyo hiyo kwa jina, lakini kazi yake ilikuwa kufungulia watu mlango na kuwatafutia shamba la kulima.

Na 2027 inakuja. Unajua tayari zile maneno zitakazoanza kuzunguka kwenye magrupu: huyu wa bara, yule wa kuja, hawa warudi kwao. Mariakani ni mji wa barabara, wa malori na watu wa kila kabila, kwa hivyo yatafika hapa mapema. Mtu atakuja kwa mbogi yako akisema amani itapatikana jirani fulani akihama. Mwambie akate kona Mazeras. Akiuliza Rabai ni kabila gani lilijenga ile misheni, atajibiwa kuwa ni Warabai, Wayao, Wamakua, Wanyasa, wa Bombay, na watoro waliokuja usiku bila hata jina la ukoo. Vitukuu vya watu hao bado wako Pwani, na pengine mmoja wao ameketi karibu nawe kwa hiyo mat.